Maswali ya Wasomaji: Gari la Kifahari la Zamani Lenye Kilomita Chache, Linunuliwe?

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro na tunaendesha duka la dawa. Mara mbili au tatu kwa mwezi tunakwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, na gari letu dogo limechoka. Tumepata Mercedes-Benz E280 ya mwaka 2007, namba D, ambayo iliingia nchini kutoka Japani mwaka 2016 ikiwa na kilomita 31,000, na leo miaka tisa baadaye inasoma 46,000. Mwenye gari ni mzee mstaafu anayesema kwamba alikuwa akilitoa siku za ibada na kwenye shughuli za ukoo tu. Anataka shilingi milioni 27, nasi tuna milioni 30. Kwa bei hiyohiyo tumeonyeshwa Toyota Crown ya mwaka 2010, injini ya cc 2,500, yenye kilomita 118,000. Mume wangu anaona Mercedes ndiyo yenye maisha marefu mbele yake kwa kuwa haijatembea. Fundi wetu anasema tuchukue Crown, lakini hatoi sababu zaidi ya kusema kwamba magari ya Wajerumani yanasumbua. Tunaomba ushauri wenye sababu. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji wa Morogoro, kwa bei ya milioni 27, huku mkibakiwa na milioni tatu tu, nawashauri msilinunue. Hata hivyo simaanishi kwamba gari lenyewe ni baya, wala sikubaliani na fundi wenu anapoyatia magari yote ya Wajerumani kapu moja. Gari hilo linaweza kuwafaa kwa miaka mingi iwapo bei itashuka, iwapo kilomita zake zitathibitika kwa karatasi, na iwapo injini yake haimo katika kundi moja ambalo nitalieleza hapa chini. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu fedha mnayotaka kuitoa ni ya duka linalowalisha.

Mume wako yuko sahihi kwa nusu ya gari. Pistoni, beringi, meno ya gia, diski za breki na viti huchakaa kwa kutembea, na gari lenye kilomita 46,000 halijazitumia sana sehemu hizo. Lakini kuna nusu nyingine ambayo haihesabu kilomita, inahesabu miaka. Bushi za miguu, mauntini za injini na za giaboksi, mipira ya maji, mipira ya breki, oili sili na vifaa vingi vya plastiki vilivyomo chini ya boneti hukauka, hupasuka na kuwa vyepesi kuvunjika hata kama gari limeegeshwa chini ya kivuli. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo maana kiwanda cha Mercedes-Benz kinaagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 bila kujali gari limetembea kiasi gani. Maji ya rangi yaliyomo kwenye rejeta za magari hayo yalipangiwa miaka 15 au kilomita 250,000, kipi kitangulie. Gari la mwaka 2007 halijafikia hata sehemu ya tano ya kilomita hizo, lakini miaka yake imekwisha muda mrefu, na kama hakuna aliyeyabadilisha, maji hayo hayalindi tena chuma dhidi ya kutu.

Tazameni pia tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi yenye umri wa miaka kumi haifai kwa barabara ya Morogoro hata kama michirizi yake bado ni mirefu, na gari lililokuwa likitembea kidogo ndilo ambalo mara nyingi hukutwa na tairi za namna hiyo, kwa sababu mwenyewe haoni sababu ya kuzibadilisha.

Kisha kuna suala la namna kilomita zenyewe zilivyopatikana, ambalo kwangu lina uzito kuliko idadi yake. Kilomita 15,000 kwa miaka tisa ni wastani wa chini ya kilomita 150 kwa mwezi, na kwa maelezo ya mzee zilikuwa safari fupi za nyumbani hadi mahali pa ibada. Injini inayozimwa kabla haijapata moto sawasawa hubakiza unyevu na petroli ndani ya oili, na uchafu huo hugeuka tope zito linaloziba njia ndogo za oili. Ekzosi nayo hukaa na maji ndani na kuoza polepole kuanzia ndani, na betri haijai chaji. Mbaya zaidi ni mazoea yetu ya kusubiri kilomita ndipo tumwage oili. Aliyefuata kilomita pekee katika gari hilo huenda amemwaga oili mara mbili au tatu kwa miaka yote tisa, wakati ilipaswa kumwagwa angalau mara moja kila mwaka. Kwa hiyo mkimwuliza mzee kuhusu sevisi, msimwulize ilifanyika kwenye kilomita ngapi, mwulizeni ilifanyika tarehe gani, na mwombeni kwa heshima awaonyeshe risiti. Mzee aliyetunza risiti za miaka tisa anauza gari tofauti kabisa na asiyekuwa nazo, hata kama magari yote mawili yanang'aa sawa.

Je, kilomita hizo ni za kweli? Zinaweza kuwa za kweli. Japani ina watu wengi wanaokwenda kazini kwa treni na kulitoa gari mwishoni mwa juma tu, na serikali yao huongeza kodi ya mwaka kwa gari la petroli linapovuka miaka 13, jambo linalowafanya wengi waliachie mapema gari ambalo bado ni zima. Lakini kurudisha mita nyuma ni biashara inayojulikana, na gari la kifahari ndilo linalomlipa zaidi anayeifanya. Uzuri wa gari la Japani ni kwamba lina kumbukumbu. Gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, katika ukaguzi ambao Wajapani huuita shaken, na kilomita za siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti. Kama gari lenu lilisajiliwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 2007, basi lilistahili kukaguliwa mwaka 2010, 2012 na 2014, kisha likafutwa usajili na kupewa cheti cha kusafirishwa nje, ambacho nacho huonyesha kilomita. Mzee akiwa bado ana nakala ya cheti hicho, mtaiona ile 31,000 kwa macho yenu. Akiwa hana, ipo njia ya kumlipa wakala anayefuatilia historia ya magari ya Japani kwa kutumia namba ya chesesi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na milioni 27.

Kwa miaka ya hapa nchini ambayo haina cheti, gari lenyewe litazungumza. Mpira wa kanyagio la breki, ngozi ya usukani mahali mkono unapokaa, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, na makovu ya mawe kwenye bampa na kwenye kioo cha mbele, vyote vinapaswa kulingana na gari lililotembea kilomita 46,000. Kioo kikiwa kipya kabisa, ulizeni kwa nini. Aidha, magari ya Ujerumani ya kizazi hicho huhifadhi kilomita katika vidhibiti vingine vya umeme, siyo kwenye dashibodi peke yake, na fundi mwenye mashine sahihi anaweza kuzisoma na kuzilinganisha.

Sasa nije kwenye gari lenyewe, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wenu ulipo. Umbo hilo la E-Class, ambalo mafundi huliita W211, lilitoka mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2006. Yale ya kabla ya marekebisho yalikuwa na mfumo wa breki unaoendeshwa kwa umeme ulioitwa SBC, ambao pampu yake huhesabu mara ambazo breki imekanyagwa na mwishowe hudai kubadilishwa kwa gharama kubwa. Kiwanda kiliuondoa mfumo huo katika marekebisho ya 2006, kwa hiyo gari la 2007 limeepukana nao, na hiyo ni heri kwenu. Hakikisheni tu kwamba ni la 2007 kweli na siyo la 2005 lililobadilishiwa taa na bampa.

Jambo la pili si la heri. E280 ya wakati huo inatumia injini ya V6 ya familia ya M272. Injini za mwanzo za familia hiyo, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2004, zilifungwa gia la shafti ya mizani (shafti inayopunguza mtetemo wa injini) lenye chuma laini kuliko ilivyotakiwa. Meno ya gia hilo hulika, muda wa valvu kufunguka na kufunga huvurugika, taa ya injini huwaka, na ili kulibadilisha ni lazima injini ishushwe. Wamiliki nchini Marekani walifungua kesi mahakamani kwa sababu ya gia hilo. Kiwanda kililibadilisha baadaye, lakini magari ya karibu na mwaka 2007 yako mpakani, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi hautoshi kuonyesha gari liko upande upi. Kinachoonyesha ni namba ya injini, ambayo muuzaji rasmi wa Mercedes-Benz au fundi bingwa wa magari hayo anaweza kuilinganisha na orodha ya kiwanda.

Nawaomba mlione vizuri jambo hili, kwa maana hapa hoja ya mume wako inageuka. Gia hilo hulika kwa kutembea. Gari la aina hiyo lenye kilomita 200,000 ambalo limeshabadilishiwa gia limekwisha kulipa deni lake, ilhali lenye kilomita 46,000, kama limo katika kundi lile, bado halijalipa, na atakayelipa ni ninyi. Uchache wa kilomita haujaiondoa kasoro, umeiahirisha tu. Injini ikiwa ya kundi hilo, mimi nisingelinunua kwa bei yoyote ambayo mzee anaweza kuikubali. Ikiwa nje ya kundi hilo, M272 ni injini tulivu, ina cheni badala ya belti, na yaliyobaki ni ya kawaida: vipande vya plastiki ndani ya manifoldi ya hewa vinavyoweza kuvunjika, na oili kuvuja kwenye sili zilizokauka.

Kuhusu giaboksi yake ya gia saba, msikubali kuambiwa kwamba mafuta yake ni ya maisha. Yabadilishwe pamoja na chujio lake mara tu mtakapolichukua. Angalieni pia kama gari lina springi za chuma au za hewa. Za hewa, ambazo zilifungwa kwenye E500 na kwa baadhi ya wateja wengine, ni mifuko ya mpira, na mpira wa umri huo unapopasuka kompresa nayo hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Mkilikuta gari limeinama upande mmoja asubuhi baada ya kulala, mmeshapata jibu.

Mafundi wengi wanaosema magari hayo yanasumbua wanazungumzia kitu cha kweli wasichokieleza: bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea zake haishuki. Gari hilo lilipokuwa jipya lilikuwa la mtu mwenye uwezo mkubwa, na kifaa chake kipya bado kinauzwa kana kwamba mnunuzi ni yule yule. Mtaani Gerezani, Kariakoo, mtapata spea za magari yaliyokatwa, na nyingine ni nzima kabisa, lakini vidhibiti vya umeme vya gari hilo havifanyi kazi kwa kuchomeka tu, vinahitaji kusajiliwa upya kwa mashine. Kwa hiyo kabla hamjajua bei, jueni ni nani atakayelitengeneza. Kama Morogoro hamna fundi mwenye mashine ya Mercedes-Benz na mazoea nayo, kila taa itakayowaka kwenye dashibodi ni safari ya Dar es Salaam, pengine juu ya gari la kukokota.

Ndiyo maana nilianza na ile milioni tatu. Gari la umri huo, hata likiwa zima, lihesabieni tairi nne, betri, oili zote, maji ya rejeta, mafuta ya breki, feni belti na puli yake, mipira ya maji, pampu ya maji, bushi za mbele na mauntini ndani ya mwaka wa kwanza. Siwezi kuwapa jumla yake kwa sababu inategemea mtakachokikuta, lakini kwa maoni yangu asinunue gari la kifahari lililozidi miaka 12 mtu ambaye, baada ya kulilipia, habakiwi na theluthi ya bei yake kwa ajili ya mwaka huo. Kwa milioni 30 zenu, maana yake ni gari lisilozidi milioni 22. Mwambieni mzee bei hiyo mkiwa na orodha ya fundi mkononi, bila kumdharau wala kumkosoa, kwa sababu huenda amelipenda gari lake na anaamini kwa dhati kwamba kulitumia kidogo ndiko kulitunza.

Crown ya cc 2,500 nayo ina kasoro zake. Injini yake hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujijenga kwenye valvu za kuingiza hewa na kuifanya itikisike ikiwa imesimama. Lakini kilomita 118,000 za miaka mingi ya kutumika mara kwa mara si nyingi kwa injini hiyo, spea zake zimejaa, na fundi wenu wa Morogoro anaijua. Nayo ikaguliwe kwa karatasi na juu ya shimo la gereji kama ile nyingine. Kwa matumizi yenu ya duka, ambayo gari likilala gereji wiki mbili mnapoteza mauzo, naiona kuwa chaguo la kwanza iwapo mzee hatashuka.

Mkienda kuikagua Mercedes, nendeni asubuhi na mwombeni mzee asiiwashe kabla hamjafika. Gusa boneti kwanza. Kelele ya cheni inayosikika kwa sekunde chache injini ikiwa baridi, moshi wa bluu, au mtetemo unaopita gari likipata moto, vyote hufichika iwapo gari limeshapashwa. Endesheni kwa zaidi ya nusu saa, na sehemu ya safari iwe ya mwendo wa barabara kuu, mkiwa mmewasha kiyoyozi, kisha lipandishwe juu mlitazame chini likiwa bado la moto, kwa sababu oili inayovuja huonekana vizuri wakati huo. Mashine ya kupima iunganishwe mwisho, siyo mwanzo. Kama kumbukumbu zote za hitilafu zimefutwa asubuhi hiyo hiyo, hilo nalo ni jibu.

Kabla ya kulipa, linganisheni namba ya chesesi na ya injini na zile za kwenye kadi ya gari, hakikisheni jina la kwenye kadi ni la mzee mwenyewe, na angalieni madeni ya faini za trafiki. Ulizeni pia kampuni ya bima mapema, kwa kuwa baadhi yao husita kutoa bima kubwa kwa gari lenye umri kama huo.

SWALI: Kwa nini nihangaike na magari ya hapa nchini, wakati kwenye minada ya Japani naona magari ya kifahari ya mwaka 2007 na 2008 yenye kilomita 30,000 kwa bei ya kutupa? Je, si nafuu kuagiza mwenyewe? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Bei unayoiona ni ya kutupa kwa sababu huko hawalitaki tena, na sehemu kubwa ya gharama utaikuta bandarini. Kwa viwango ambavyo vimetumika Tanzania kwa miaka kadhaa, gari la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kama injini inazidi cc 2,000, na ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya umri iwapo limezidi miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo yote. Tuchukue gari lenye thamani ya 100 likifika Dar es Salaam. Ushuru wa forodha unalifikisha 125. Asilimia 10 na asilimia 30 za hiyo 125 ni 50, tumefika 175. VAT yake ni 31.5. Kodi peke yake ni zaidi ya 106, yaani inazidi thamani ya gari, na hapo sijahesabu tozo ndogo, usajili na malipo ya wakala.

Zaidi ya hayo, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haifuati bei uliyoipata mnadani ikiiona kuwa ndogo mno. Ina orodha yake ya thamani, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote. Kitumie kabla hujatuma fedha, kwa kuwa viwango hupitiwa kila mwaka wa fedha.

Ukiamua kuendelea licha ya hesabu hiyo, omba karatasi ya mnada yenyewe, siyo maelezo ya muuzaji. Mkaguzi wa mnada huandika gredi ya gari na kuchora michoro ya mwili wake; R au RA maana yake limewahi kufanyiwa matengenezo makubwa, S ni kutu na C ni chuma kilicholika. Soma sehemu ya chini ya gari kwa makini zaidi kuliko sehemu ya rangi. Magari yaliyoishi Hokkaido na maeneo mengine ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na gari la kilomita 30,000 la huko linaweza kuwa na mabomba ya breki yaliyooza wakati ndani lingali linanukia ngozi mpya.

SWALI: Niko Mombasa. Muuzaji ananiambia anaweza kuniletea BMW ya 2009 yenye kilomita 40,000 kutoka Japani na kuniandikishia bila shida. Je, niamini?

JIBU: Usimpe hata shilingi ya amana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu mwaka wa usajili wake wa kwanza, na BMW ya 2009 imeshaupita mpaka huo kitambo. Anayekuahidi kuiandikisha ama atabadilisha mwaka kwenye karatasi, ama atakuuzia gari ambalo limo nchini tayari akijifanya limetoka melini. Katika hali zote mbili utakayekuja kubanwa ni wewe mwenye jina kwenye logibuku, yaani kadi ya gari.

Magari ya namna hiyo yapo Kenya kihalali, yaliyoingia yakiwa bado na umri unaokubalika. Ukipata moja, tafuta kumbukumbu zake za NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya mazungumzo ya bei, na namba ya chesesi itafsiriwe ili ujue mwezi na mwaka lilipotengenezwa, maana tarehe ya usajili wa kwanza Japani inaweza kuwa miezi mingi baada ya gari kutoka kiwandani. Mombasa kuna jambo jingine: hewa ya chumvi. Gari lililoegeshwa miaka mingi karibu na bahari, hata kwa kilomita chache, likaguliwe viungio vya nyaya, nguzo za shokapu na sakafu chini ya mazulia.

SWALI: Nina Toyota Celsior ya mwaka 2003, injini ya V8, kilomita 62,000. Fundi anasema belti ya taimingi ingojee kilomita 100,000 kama Toyota inavyoagiza. Ni kweli? Msomaji, Arusha.

JIBU: Belti ya taimingi ndiyo inayolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni, na kilomita 100,000 ni kipimo kinachotumiwa Japani kwa gari linalotembea kwa kawaida, ambalo huzifikia kabla belti haijazeeka. La kwako lina zaidi ya miaka 20, na belti ni mpira. Injini yako, 3UZ-FE ya lita 4.3, haina nafasi ya kusamehe: belti ikikatika wakati inazunguka, pistoni hugonga valvu. Ufunguo wa uamuzi ni kama belti hiyo imewahi kubadilishwa. Gereji za Japani zinapoibadilisha hubandika kibandiko chenye tarehe na kilomita ndani ya chumba cha injini, kwa hiyo fungua boneti ukitafute, kwa kawaida karibu na vifuniko vya belti au kwenye fremu ya mbele.

Kibandiko kikiwepo, hesabu miaka tangu tarehe hiyo. Ikizidi kumi, badilisha. Kisipokuwepo, chukulia kwamba belti ni ya kiwandani na usilipeleke gari Namanga wala Moshi mpaka ibadilishwe. Ifungwe pamoja na pampu ya maji, tenshena (kikaza belti) na puli zake, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile, na pampu ikija kuvuja baadaye itakulazimu ulipie kazi hiyo mara ya pili.